Mngurumo Uliokoma

Plagi ilikuwa imepimwa, imepigwa picha na kutiwa kwenye mfuko wenye namba. Hakuna aliyeifungua.

Inspekta aliigundua hali hiyo saa nne asubuhi, akiwa amepiga magoti jukwaani katika ukumbi mtupu. Mtu wa shirika la umeme alikuja jana, akachomeka mita yake, akaandika mstari mmoja: plagi ya amplifaya haina ethi. Kituo cha polisi kikaridhika. Ethi ni waya wa tatu, ule wa kijani na njano, unaochukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kabla haujamfikia mtu. Ukikosekana, bati la mtambo linaweza kuwa na umeme na mtambo ukaendelea kupiga vizuri tu.

"Nimulikie," alisema.

Koplo alishusha tochi huku magoti yake yakilia. Alibakiza miezi minne astaafu na alihesabu hadharani. "Afande, ya nini kumfungua maiti aliyekwisha zikwa? Mtu tunaye ndani."

"Saa nane mchana mtu huyo anapelekwa mahakamani kwa mauaji. Baada ya hapo plagi hii ni ya hakimu. Mulika."

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jana saa tisa na dakika kumi alasiri, bendi ikipima sauti kabla ya onyesho, mpiga besi waliyemwita Nguzo alishika nyuzi za gitaa lake, akasogeza midomo kwenye maikrofoni, akaanguka. Hakuinuka tena. Amplifaya aliyokuwa akitumia ilirudishwa asubuhi hiyohiyo kutoka kwa fundi aitwaye Solda. Wiki moja kabla, mbele ya bendi nzima, Solda alimwambia Nguzo: "Mtambo huu utakukata pumzi, na mazishini usinitegemee." Kiongozi wa bendi, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyewapa polisi maneno hayo, na aliyatoa bila kusitasita.

Skrubu tatu zililegea. Inspekta aliinua kifuniko.

Nyaya mbili zilikuwa zimekaza mahali pake. Wa tatu haukukatwa. Ulifunguliwa, ukakunjwa kurudi nyuma, na ncha yake ikazungushiwa tepu nyekundu mara tatu, kwa unadhifu, kama kidole kilichokatwa na kisu.

"Unaona nini, Koplo?"

"Naona mtu msafi."

"Mtu anayetaka kuua kwa waya huu hana sababu ya kuufunga tepu. Huyu alitaka usiguse kitu. Alidhani anafanya kazi salama." Aliinamisha uso hadi karibu na mbao za jukwaa. Vipande vya tepu nyekundu, ya upana uleule, vilikuwa vimebandikwa sakafuni kuonyesha mahali pa kusimama kila mpigaji. "Na aliifanyia hapa."

"Solda naye alikuwa hapa jana asubuhi," Koplo alimkumbusha. "Tepu haichagui mkono."

Ilikuwa kweli, na Inspekta aliiandika kama ilivyo.

Kisha alizunguka nyuma ya mtambo. Amplifaya yenyewe ilikuwa sanduku la chuma lenye kimo cha shubiri moja, limekaa juu ya makasha mawili ya spika yaliyopandana, kila kasha na spika nne za inchi kumi. Alinusa. Varnishi iliyoungua. Mgongoni mwa chuma, vumbi lilikuwa limetanda kote isipokuwa mstatili mmoja wa ukubwa wa kiganja, uliong'aa.

"Kuna kitu kilibanduliwa hapa. Si zamani."

"Karatasi ya onyo," Koplo alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake iliamka. "Aliyeibandua ndiye mtu wetu. Mwizi huanza kwa kufuta nyayo."

"Soma maandishi ya makasha."

Koplo alivaa miwani. "Hili la chini, omu nne. Hili la juu…" Alisogeza tochi. "Omu nne vilevile. Ni mapacha."

Inspekta alipiga mstari chini ya neno hilo, akafunga daftari. Saa tano kasoro dakika ishirini.

* * *

Solda alikuwa mtu mwembamba mwenye makovu madogo ya chuma cha moto kwenye ncha za vidole. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono kati ya magoti. Mlangoni pa kituo mkewe alikuwa amesimama tangu alfajiri na koti la mumewe la kuvaa mahakamani mkononi. Inspekta alipita mbele yake akaingia ndani.

"Makasha mawili ya omu nne," alisema akiketi. "Nieleze kama mtu asiyejua."

Solda aliinua kichwa. Ilionekana hakuna aliyemuuliza jambo la kazi yake tangu jana.

"Afande, chukulia amplifaya ni ukumbi uliojaa watu, na kasha ni mlango. Omu ndicho kipimo chake: nane ni mlango mwembamba. Omu nne, mpana. Sasa Nguzo alikuwa na kasha moja la omu nne, na mtambo wake mwisho wake ni hapohapo, nne. Ukiongeza kasha la pili kama hilo, umefungua milango miwili mipana kwa pamoja, unabaki na omu mbili. Watu wanatoka mbio hadi kuta zinatikisika. Mtambo haufi siku hiyo. Unachemka. Transfoma inaiva ndani taratibu kama kiazi, mpaka ngozi ya nyaya zake inachunika."

"Ikichunika?"

"Umeme wa ukutani unagusa bati. Ethi ikiwepo, fyuzi inakatika na watu wanakutukana, basi. Isipokuwepo…"

"Kwa nini hakuchukua makasha mawili ya omu nane?"

"Ndivyo nilivyomwambia! Mawili ya nane yanakupa nne kamili, sauti inajaa, mtambo unatulia. Lakini yale niliyomtafutia yalikuwa na spika moja moja ya inchi kumi na tano. Yeye akataka zile nne nne, eti zinapiga kifuani. Akaazima la pili linalofanana na la kwake." Alitikisa kichwa. "Watu wanachagua kasha kama wanachagua kochi. Kwa macho."

"Ndipo ukamwambia utamkata pumzi."

"Nilisema. Alikuwa ananiita fundi wa redio za mbao, watu wanacheka. Nilikuwa namwonya kwa hasira. Onyo la hasira, afande, nani analisikiliza?"

"Ulibandika karatasi mgongoni?"

"Nilibandika."

"Ulipoondoka ukumbini, ethi ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa. Naapa."

"Kiapo sina pa kukiandika. Uliujaribu mtambo pale jukwaani?"

"Niliujaribu."

"Ukapiga vizuri?"

"Vizuri."

Jibu lilitoka haraka mno. Inspekta aliweka kalamu chini. Alikuwa amehoji wezi, wauguzi, wahasibu na mchungaji mmoja, na alijua mtu anavyotazama vidole vyake anapoficha kitu ambacho si kosa bali ni aibu.

"Vizuri kabisa, fundi?"

Solda alivirudisha vidole kati ya magoti.

"Ulikuwa unanguruma," Solda alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Kidogo. Mmm, hivi, chinichini. Lakini si ubovu wa kazi yangu! Waya wa kutoka kwenye mtambo kwenda meza ya sauti nao una ethi yake. Mtambo ukipata njia mbili za kwenda ardhini, moja kwenye plagi na moja kupitia meza, zinafanya duara, na duara hilo linanguruma. Dawa yake ni kisanduku kidogo chenye swichi, kinakaa katikati. Yule binti wa meza alikisahau. Nikasema nitaleta cha kwangu saa kumi, niende kwanza studio ya redio, walikuwa wananisubiri."

"Haya hayamo katika maelezo yako ya jana."

"Fundi anasemaje mbele ya polisi kwamba ameondoka kazi inanguruma? Kesho nani ataniletea hata pasi?"

Inspekta aliichukua kalamu tena. Kisha aliuliza polepole, akipima kila neno:

"Mngurumo unataka njia mbili. Ukiwepo, maana yake ethi ya plagi ipo."

"Lazima iwepo."

"Na ethi ya plagi ikifunguliwa?"

"Unakoma palepale. Kuna watu wanafanya hivyo, washenzi, kuondoa…" Solda aliacha mdomo wazi.

"Umekaa usiku mzima," Inspekta alisema akinyanyuka, "umeukalia ushahidi wako kama kuku aliyekalia yai la plastiki. Nani mwingine aliusikia?"

* * *

Binti wa meza ya sauti waliyemwita Masikio alikuwa amerudi ukumbini kukusanya vyombo vyake. Aliposikia viatu vya polisi alisimama, akakaa, akasimama tena. Saa sita na nusu.

Jambo la kwanza Inspekta aliloliona lilikuwa nyuma ya kiti chake: karatasi ya ukubwa wa kiganja, gundi imekwisha nusu. KASHA MOJA TU. UKIONGEZA LA PILI USINITAFUTE. SOLDA.

Koplo alikohoa kwa maana. Mkono wake tayari ulikuwa kwenye pingu.

"Nani aliibandua hii kwenye mtambo?" Inspekta aliuliza.

"Nguzo." Macho ya binti yalijaa. "Aliibandika hapo nisijue, akawa anapita anasoma kwa sauti, 'Kasha moja tu, jamani, msimwongezee dada kasha la pili!' Bendi nzima inacheka. Alikuwa hivyo, mama Inspekta. Hawezi kukaa na kitu kizito mkononi."

Mkono wa Koplo uliondoka kwenye pingu ukatafuta leso. Inspekta alipiga mstari juu ya maneno "aliyebandua karatasi". Marehemu alikuwa amefuta nyayo zake mwenyewe.

"Jana mchana kulikuwa na mngurumo kwenye besi?"

"Kama nzi kwenye kopo. Tarumbeta alikuwa karibu kupasuka." Tarumbeta ndiye kiongozi, kaka wa marehemu, na chombo alichopuliza ndicho kilichompa jina.

"Ulikoma saa ngapi?"

"Sijui. Nilitoka kwenda garini, Tarumbeta alinituma maikrofoni ya kuweka mbele ya kasha. Alisema waya wa mezani unatoa sauti kavu. Niliporudi mngurumo haupo."

"Hukuuliza aliyeuondoa?"

"Mtu akikutoa jiwe kiatuni, mama, unamuuliza katumia mkono gani? Nilishukuru nikaendelea. Nikachomoa waya wa mezani, nikaweka maikrofoni."

"Ulichomoa saa ngapi?"

"Tisa na dakika sita. Niliandika. Naandika kila kitu."

Dakika nne kabla Nguzo hajaanguka. Inspekta hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Unaandika tu, au unarekodi pia?"

Masikio aliutazama mlango.

"Kupima sauti narekodi siku zote," alisema kwa sauti ya chini. "Kila chaneli peke yake. Wakienda kula nabaki nikirekebisha bila kusumbuliwa. Na ya jana ipo. Tarumbeta aliniambia nifute. Mtu wa umeme ndiyo kwanza amemaliza kupima, mwili bado haujatoka getini. Alisema mama yao asije akaisikia."

"Ukafuta?"

"Mimi sifuti kitu. Ni ugonjwa wangu."

Inspekta alivaa vipokea sauti vya masikioni. Kwenye kioo cha meza ya sauti, chaneli ya besi ilikuwa utepe mnene usiovunjika hata pale gitaa liliponyamaza: mngurumo. Ulikuwepo saa nane na nusu, rekodi ilipoanza. Saa nane na dakika hamsini na moja ulisikika mlio wa swichi, utepe ukawa uzi. Dakika nne, uzi mtupu. Swichi tena, nyuzi za besi, na chini yake kimya. Akahamia chaneli ya maikrofoni ya Nguzo, akasikiliza dakika zilezile, na yale aliyoyasikia akayaandika neno kwa neno. Alirudia mara moja. Hakurudia mara ya tatu.

Koplo alirudi kutoka kwenye simu. "Studio ya redio wanasema Solda alitia sahihi mapokezi saa tano na dakika arobaini, akatoka saa kumi. Alikuwa chini ya meza yao muda wote, miguu tu ndiyo inaonekana."

"Muite Tarumbeta," alisema Inspekta.

* * *

Alifika saa saba na dakika kumi kutoka nyumba ya msiba, shati jeupe lililopigwa pasi, macho mekundu. Mtu wa makamo, mgongo umenyooka kama wa askari. Hakuwapa mkono.

"Dada, nimeacha mama amelala sakafuni. Kama kuna karatasi ya kutia sahihi nipe nitie, nirudi."

"Kaa, kaka. Maswali matatu. Mliusikia mngurumo jana?"

"Kazi za Solda zote zinanguruma. Nimekwisha sema, yule mtu alimwapiza ndugu yangu mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Uliigusa plagi ya besi?"

"Mimi napuliza tarumbeta. Umeme siujui."

"Saa nane na dakika hamsini na moja ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia, napasha midomo moto. Waulize."

"Wenzako walikuwa nje wanakunywa soda. Masikio alikuwa garini, ulikomtuma wewe. Waliobaki jukwaani ni watu wawili." Inspekta alimwashiria binti. "Weka."

Spika kubwa za ukumbi zilianza kunguruma. Sauti nene, sawasawa, isiyo na haraka, ilijaza viti vitupu. Tarumbeta aliitazama meza ya sauti, kisha akamtazama Masikio, na Masikio akainamisha uso.

"Huo," Inspekta alisema, "ni ethi ikifanya kazi. Solda ameondoka zaidi ya saa tatu kabla, na ethi ipo. Sikiliza."

Swichi. Mngurumo ukakatika.

"Sasa ruka hadi hamsini na tano. Chaneli ya maikrofoni."

Swichi tena. Noti mbili za besi, safi. Kisha sauti ya mtu aliyekufa, karibu kabisa na maikrofoni, ikicheka:

"Ahaa! Mtoto wa mama umeiweza! Kimya! Na yule wa redio za mbao anatwambia tusubiri mpaka saa kumi."

Na sauti ya pili, kutoka mbali kidogo, yenye fahari isiyojificha:

"Waya mmoja tu, mdogo wangu. Nimeufunga na tepu, hauna neno."

Masikio alizima bila kuambiwa.

Koplo alikuwa amevua kofia. Tarumbeta alikaa vilevile, mgongo umenyooka, ila mikono yake ilianza kutafuta kitu mapajani, vidole vitatu vya kulia vikibonyeza valvu za tarumbeta isiyokuwepo.

"Kila bendi inafanya," alisema. "Miaka ishirini nimeona watu wakiufungua. Hakuna aliyekufa."

"Mitambo yao haikuwa inachemka kwa makasha mawili. Huu ulichemka. Umeme ulipotoka nje ya transfoma ulikuwa na njia mbili za kwenda ardhini. Ya plagi uliifungua wewe. Ya waya wa mezani ilichomolewa saa tisa na dakika sita."

Masikio alitoa sauti ndogo. Inspekta hakugeuka, lakini maneno yaliyofuata aliyasema kwa namna ambayo binti angeyasikia vizuri.

"Aliyechomoa hakuambiwa kwamba ya kwanza haipo. Alifanya kazi aliyotumwa. Ikabaki njia moja: mkono wa ndugu yako kwenye nyuzi, na mdomo wake kwenye maikrofoni."

"Sikujua."

"Saa nane na dakika hamsini na moja hukujua. Hilo nitaliandika, na nitaliandika kwanza. Lakini mtu wa umeme alipokuja na mita yake akasema plagi haina ethi, ulikuwa umesimama pale, na ukajua. Ukamwambia huyu afute. Kisha ukaja kituoni ukatupa Solda."

Tarumbeta aliitazama mikono yake. 

"Mama ana watoto wawili," alisema. "Jana amebaki na mmoja. Nilipiga hesabu hiyo tu."

"Solda naye ana mke. Yuko mlangoni pa kituo na koti."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika arobaini. Inspekta alimpa Koplo ishara, na Koplo akatoka akiwa tayari na simu sikioni. Walimsikia kule nje akimpigia kelele mtu wa zamu kwamba gari la mahakamani lisiondoke, na kwamba mfungulieni fundi wa watu sasa hivi, si baada ya chai.

Tarumbeta aliinuka kabla hajaambiwa. Alinyoosha shati.

"Mama ameisikia hiyo?"

"Bado."

"Naomba nimwambie mwenyewe."

Inspekta alifikiria kanuni, akazikuta hazikatazi. "Tutapitia kwenu kabla ya kituo. Dakika kumi, nami nitakuwa mlangoni."

Tarumbeta alitembea hatua tatu kuelekea ngazi za jukwaa, akasimama juu ya kipande cha tepu nyekundu kilichokuwa mahali pa mdogo wake. Akakikwepa kwa kuchelewa.

"Nianzie wapi?" aliuliza bila kugeuka. "Mama hajui omu, hajui ethi. Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye mngurumo," alisema Inspekta. "Mwambie ulikuwepo, nawe ukaukomesha."